Pikipiki Yako Inalala Wapi?

Mafundi wengine ukiwafikishia pikipiki wanakuuliza inakula lita ngapi. Mimi, miaka yangu ya mwisho ya kazi, nilikuwa nauliza kitu kingine kwanza: inalala wapi? Vijana walikuwa wanacheka. "Papa Fundi, pikipiki njo bibi yangu? Inalalaka mu salon, karibu na kiti ya wageni." Wanacheka, na mimi nangoja jibu, na asiyenijibu sawasawa simfungulii hata boliti moja.

Mnajua wenyewe jinsi tunavyoishi huku. Kutoka Sake, ukipanda Masisi na kushukia Walikale, hakuna mwenye akili zake anayeacha pikipiki nje. Jioni inaingizwa ndani, viti vinasogezwa, na mgeni akija analala miguu ikigusa gurudumu. Watoto wetu wanaijua harufu ya petroli, esanse yetu, kabla ya kujua harufu ya sabuni. Ndiyo maana nawaambia kwamba kabureta inayovuja si shida ya barabarani tu. Ni shida ya nyumbani.

Kazi nimeiacha. Mikono inatetemeka, na kibanda changu cha njia panda ya Sake kilibaki bila mabati siku tulipokimbia vita kwenda upande wa Mubambiro. Tuliporudi, hata meza yangu ya kazi ilikuwa imekwisha kuwa kuni za watu. Siililii meza. Kuna mwanamke mmoja ambaye watu wa Buleusa, kule Walikale, wanasema alimchoma bwana yake. Nataka ninyi vijana wa pikipiki mnaopita njia zile mjue kwa nini si kweli, na huwezi kuelewa kama hujui kabureta. Kwa hiyo mnivumilie. Nitaanza na kabureta.

Chini yake kuna bakuli dogo. Ndani ya bakuli kinaelea kikopo chepesi, na katika pikipiki za zamani kilikuwa cha shaba. Sisi tunakiita floteri. Esanse ikiingia, floteri inapanda, inasukuma sindano, sindano inaziba tundu, esanse inasimama. Ni kama mtu wa mlangoni siku ya harusi: viti vikijaa, anafunga mlango. Akisinzia, watu wanamwagika mpaka uani.

Nilipoanza kazi Sake nilikuwa mjuaji kama ninyi. Mtu mmoja aliyekuwa akiteremsha maziwa kutoka vilima vya Masisi aliniletea pikipiki inayovuja kwenye mdomo wa bakuli. Jointi, ile karatasi ya kuziba, ilikuwa imechanika, na mpya hakuna. Nikachukua kandambili yangu kuukuu, nikakata mpira wake nikaufunga pale. Haikuvuja hata tone. Nilijisifu mpaka nikachosha watu. Siku ya tatu yule mwenye maziwa akarudi anasukuma pikipiki kwa mkono, jasho linamtiririka, maziwa yote yamegeuka mtindi njiani. Mpira ulikuwa umevimba ndani ya esanse kama andazi ndani ya chai. Bosi wangu akautazama, akanitazama. "Umevalisha karburateri kandambili," akasema, "basi itembee kwa miguu yake." Tulikunywa mtindi ule wiki nzima, na kila kikombe nilikuwa nakumbushwa.

Tangu siku ile nilikata jointi kwa karatasi ya mfuko wa saruji na kuipaka sabuni ya kipande, kwa sababu esanse haiyeyushi sabuni. Sindano ikiwa na mikwaruzo niliisugua kwa dawa ya meno. Kisha unageuza kabureta kichwa chini na kupuliza kwa mdomo kwenye tundu la esanse. Pumzi ikipita, ujue esanse nayo itapita. Nimepuliza kabureta nyingi mno hivi kwamba hadi leo bugali na sombe ya majani ya mihogo vina ladha moja kinywani mwangu, na ladha hiyo si ya sombe.

Lakini kazi ya floteri sikujifunza Sake. Nilijifunza Buleusa, kwa Mzee Kibira.

Nilifika huko miaka ile kila mtu alipokuwa anakwenda Walikale kutafuta mawe ya bati. Wenzangu walichimba, mimi nilitengeneza pikipiki zilizobeba walichochimba. Mzee Kibira alikuwa mhunzi na mwindaji, mtu wa msitu kabisa, anafua mapanga na kutega wanyama, na siku ya Bwana anakaa benchi la mbele kanisani. Siku moja alinikuta nimeshika floteri yenye tundu, nalalamika kwamba bati ya kuchomelea inapatikana Goma tu.

"Goma?" akasema. "Bati unatafuta Goma, na umeikalia?"

Kweli nilikuwa nimekalia mfuko wa mawe ya mteja. Mzee akachukua mawe kidogo, akayatwanga, akayachanganya na makaa na kuvuta mivuo mpaka nikachoka kumtazama. Chini ya moto kukatoka bati, inang'aa, inatembea. Ili ishike shaba alitumia utomvu wa mti, ule ule ambao watu wa msitu huwasha wapate mwanga. Watu walikuwa wanavunjika migongo kuwabebea wageni mawe yale, na sisi tunangoja yaturudie kutoka ng'ambo yakiwa uzi mdogo wa kuchomelea dukani.

Tundu likazibika. Nikanyoosha mkono kuchukua floteri, Mzee akanipiga vidole. Akakata kijiti chembamba, akakifunga uzi katikati, akakining'iniza. Upande mmoja akatundika floteri nzima, upande mwingine ile tuliyochomelea. Kijiti kikainama.

"Unaona? Bati iko muzito. Hii floteri iko na mimba sasa. Mwenye mimba hapandake mbio."

Akaikwangua bati kidogo kidogo, akatundika, akakwangua tena, mpaka kijiti kikalala sawa. Akanipa kile kijiti nikakitundika ukutani juu ya meza yangu. Kosa langu, vijana, lilitendeka chini ya kijiti hicho.

Katekista wa Buleusa alikuwa Papa Bauma, mtu mrefu, mpole, anayecheka kwa mabega. Kanisa lilimwachia pikipiki ya padri mmoja wa zamani aliyerudi kwao, pikipiki ya silinda mbili na kabureta mbili, nzito, yenye umri wa kunishinda mimi. Watu waliiita Mama Mukubwa. Kila alipopita nayo, wazee walivua kofia, na hatukujua kama ni kwa ajili ya katekista au kwa ajili ya pikipiki.

Jumamosi moja mchana akaniletea. Kabureta ya kushoto inavuja. Nikafungua, nikakuta floteri imejaa esanse. Nikaichovya katika maji ya moto, mapovu yakanionyesha tundu. Nikakausha, nikapaka utomvu, nikachomelea. Tone la bati likashuka kubwa kuliko nilivyotaka.

Niliona ni kubwa. Hilo msilisahau hata mkisahau mengine yote. Sikukosea kwa kutoona.

Mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya msitu, na Papa Bauma amesimama amevaa koti lake la mvua. "Papa Fundi, kesho niko na sala tatu, vijiji tatu. Na mvula njo ile inakuya."

Nikatazama kijiti ukutani. Kukishusha, kutundika, kukwangua, kutundika tena, ni kazi ya saa nzima. Nikafunga kabureta. Nikaisimamisha Mama Mukubwa wima kwenye stendi ya katikati, nikafungua robine, ile koki ya tangi, nikaweka kipande cha kartoni chini yake. Tukaongea kidogo habari za mihogo. Kartoni ikabaki kavu.

"Iko muzuri," nikasema. "Ila ukifika, funga robine."

"Nitafunga. Mungu akubariki, Papa Fundi."

Akaondoka kabla ya mvua. Nilifurahi kwamba hakulowa.

Mambo mawili sikuyafikiria. La kwanza, robine ya umri ule ukiifunga haifungi, inapunguza tu. La pili ndilo lililomuua. Mimi nilipima pikipiki ikiwa imesimama wima, kama inavyosimama kwa fundi. Nyumbani kwa Papa Bauma hapakuwa na nafasi ya kuisimamisha hivyo. Iliegemea mguu wa pembeni, imelala upande wa kushoto, kando ya ukuta. Floteri nzito inachelewa kupanda, kwa hiyo esanse ilikuwa imefika ukingoni mwa bakuli. Wima, ukingo unaizuia. Ukilaza pikipiki, inamwagika. Ilidondoka tone baada ya tone mpaka asubuhi, na sakafu ya udongo ikanywa yote, haikuacha hata dimbwi la kumwonya mtu.

Mke wake, Mama Neema, alikuwa bado msichana hasa, mtoto wake wa kwanza, Neema, mgongoni, hajaanza kutembea. Aliamka kumpikia bwana yake chai asiende kuombea watu na tumbo tupu. Akawasha mbabula nje, makaa yalipokuwa mekundu akaiingiza ndani, akaiweka pale alipoiweka kila siku, kwa sababu mvua ilikuwa bado inanyesha.

Alitoka na mtoto. Papa Bauma naye alitoka, mzima, bila hata alama ya moto. Kisha akakumbuka pikipiki ya kanisa.

Najua mnasema angeiacha. Ninyi mngeiacha? Mtu wa huku anaokoa mtoto, halafu pikipiki, halafu ndipo anauliza kama yeye mwenyewe yuko hai. Aliingia, akaikuta inaungua kiti, akaivuta mpaka nje. Katika kuivuta, esanse ilimlowesha suruali. Aliishi siku nne.

Kwenye matanga mama yake Papa Bauma alisimama mbele ya watu wote, kitambaa kimemwanguka kichwani. "Ni yeye alichoma mutoto yangu! Kila siku nilimwambia, moto ibakie inje! Alimuchoma sawa muhindi mu makaa!" Wanawake wakamwondoa Mama Neema kwenye mkeka wa wafiwa, wakamkalisha nyuma ya jiko, peke yake, na Neema analia ziwa. Nilimwona pale. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayekubali.

Nikaenda nyuma ya migomba ambako waliitupa Mama Mukubwa. Kiti na taa viliungua, lakini kabureta zilikuwa zimebaki nyeusi tu. Bakuli likiwa na esanse ndani, chuma hakipati moto haraka. Nikatoa floteri zote mbili. Nikavunja kijiti kichakani, nikachomoa uzi kwenye shati langu, nikazitundika.

Kijiti kikainamia kushoto mpaka floteri ikateleza na kuanguka kwenye nyasi. Nikaiokota nikaitia mfukoni.

Nilipogeuka, Mzee Kibira amesimama mbele yangu. Alitazama kabureta iliyofunguliwa, akanitazama machoni.

"Floteri ya hii, uliichomea weye?"

"Ni miye, Mzee."

"Ulipima?"

Vijana, kuna mambo mtu anayasema kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya, halafu anaishi nayo. Nikasema, "Nilipima."

Mzee akashusha pumzi. Aliniamini, kwa sababu kijiti alinipa mwenyewe. Akarudi kwa watu, akasimama, akasema kwamba amemuuliza fundi na pikipiki haina kosa. Moto ni moto wa mbabula. Mzee Kibira akisema jambo la chuma pale Buleusa, hakuna anayelipinga. Basi likawa limekwisha. Mimi nilifunga mizigo yangu matanga hayajamalizika, nikarudi Sake.

Nilidhani ukienda mbali unaacha. Msimu mmoja ukapita, nikawa nanunua vitu sokoni Sake, nikasikia mtu ananiita kwa furaha: "Papa Fundi! Weye wa Buleusa!" Alikuwa Mama Neema. Wakwe walimfukuza, akarudi kwa watu wake huku vilimani, sasa anauza nyanya. Alifurahi kuniona kwa sababu nilimjua bwana yake. Alitaka tu mtu wa kumwambia, "Unakumbuka vile alikuwa anachekaka na mabega?" Nikamwambia nakumbuka. Nikanunua nyanya.

Nikaendelea kununua kila siku ya soko. Mama watoto akaniuliza kama tumefungua hoteli. Tulikula nyanya mpaka watoto wakazikimbia. Mama Neema alikuwa ananiongezea mbili tatu juu, akisema nina roho nzuri, na mimi napokea. Ile floteri ilikuwa mfukoni mwangu mara nyingi siku hizo. Naona haya kuandika hili kuliko mengine yote.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza pikipiki inalala wapi. Pikipiki yoyote niliyoigusa kabureta ilikuwa inalala kwangu kwanza, imeegemea vilevile inavyoegemea kwa mwenyewe, kartoni safi chini yake. Tone moja asubuhi, naanza upya. Wateja walinitukana. Waliniita Papa Kartoni. Wengine walikwenda kwa mafundi wa haraka, nami sikuwaita warudi. Siku hizi mna pikipiki za kabureta moja, floteri ya plastiki, ikiharibika unatupa na kununua nyingine. Vizuri. Lakini na hizo zinavuja, na bado zinalala ndani, na mama zenu bado wanaingiza mbabula mvua ikinyesha. Ipimeni inavyolala, si inavyosimama. Na robine isikudanganye.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo kilichelewa. Kilichoniumbua ni uzee. Juzi baada ya sisi kurudi kutoka Mubambiro, nilienda sokoni, nikamkuta Mama Neema amerudi pia, amepanga nyanya zake chache juu ya gunia. Mtoto yule wa mgongoni, Neema, sasa ana wake mgongoni. Nikatoa floteri, nikaiweka katikati ya nyanya.

"Hii njo nini, Papa Fundi?"

Nikamwambia yote. Tone la bati, kijiti, mguu wa pembeni, na lile neno nililomwambia Mzee Kibira. Alisikiliza huku anapanga nyanya, anazipangua, anazipanga tena. Mteja akaja, hakumjibu.

"Asubui ile nilisikia harufu ya esanse," akasema mwishowe. "Nikasema, aa, nyumba yetu inanukaka hivi siku yote. Nikaingiza moto. Miaka yote hii nayua ni miye. Nikisali, nasema, Mungu, ni miye."

Akaokota nyanya iliyobingirika, akairudisha mahali pake.

"Mama mukwe wangu alikufa mwaka iliyopita. Alikufa anayua ni miye. Mzee Kibira naye?"

"Alifariki zamani."

Akaishika floteri, akaipima mkononi. Ni nyepesi mno, hamwezi kuamini.

"Na ulikuwa unakalaka na hii kitu mu mufuko?"

"Ndiyo, Mama."

"Na unakuya hapa kununua nyanya?"

"Ndiyo."

Alilia hapo, si kwa sauti. Nilitaka kupiga magoti, nikaanza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono.

"Hapana. Usiniombe leo. Ile maneno balisema mbele ya batu. Weye unakuya kuniambia pa sikio, sawa mwizi? Enda useme kule balisemea. Kisha utarudia hapa kununua nyanya."

Akanirudishia floteri.

Ningekwenda. Naapa ningekwenda hata kwa miguu, lakini magoti yangu hayafiki hata kilima cha pili, na njia ya kwenda kule mnaijua ninyi kuliko mimi: leo imefunguliwa, kesho imefungwa na wenye bunduki. Ninyi mnapita. Mna njia zenu za porini, mnabeba chumvi, mnabeba wagonjwa, mnabeba barua. Mbebeni na hili.

Atakayefika Buleusa angoje Jumapili, sala ikiisha, kabla watu hawajatawanyika. Asimame pale mbele, si pembeni, asome kwa sauti:

Mama Neema hakumchoma bwana yake. Kabureta ya kushoto ya Mama Mukubwa niliitengeneza mimi, na sikuipima. Mzee Kibira aliwaambia pikipiki haina kosa kwa sababu nilimdanganya. Mama Neema alikuwa anapika chai.

Atakayesoma aje anipe habari. Nakaa hapa Sake, nyuma ya soko. Kwa sasa nyanya nanunua kwa watu wengine.